Boma, Baraza na Ukumbi: Habari za Nyumba ya Mji wa Dar es Salaam

Mtu akiwa na shauri la kiwanja, au akitaka leseni ya biashara, au akiitwa kwa ajili ya kodi, jirani zake humwambia neno moja tu: "Nenda bomani." Neno hili limekuwa jepesi vinywani mwetu hata hatulifikiri tena. Lakini wazee wa zamani walipolitumia, walikuwa na maana ya ua wa miti au wa miiba uliozunguka mji au zizi, ili simba asiingie wala adui asipite. Kazi ya boma ni kuzuia. Basi ilikuwaje hata nyumba ambayo watu wote huiendea kwa mashauri yao ikapewa jina la kitu cha kuwazuia watu?

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kulijibu swali hilo kwa kusimulia habari za nyumba moja ya mawe iliyoko Dar es Salaam, mahali Barabara ya Morogoro inapokwisha na kukutana na barabara ya Sokoine, karibu na bandari. Yaitwa Boma la Kale, na umri wake umekwisha pita miaka 150. Twawaandikia hasa ninyi mkaao Kinondoni, Temeke, Mbagala na vitongoji vingine vilivyo mbali na bandari, kwani wengi wenu mmepita mbele ya nyumba hii ndani ya basi bila kuitazama. Na tena habari zake zinawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Yatupasa kuanza kabla ya nyumba yenyewe. Watu wengine husema kwamba mahali hapa hapakuwa na mji wala utawala mpaka Sultani alipofika. Si kweli. Upande wa kaskazini palikuwa na Kunduchi, na upande wa kusini, ng'ambo ya bandari, palikuwa na Mbwamaji. Hii ilikuwa miji ya Mashomvi na watu wengine wa Mrima, wenye misikiti ya mawe na biashara ya baharini. Mpaka leo mtu akienda Kunduchi ataona magofu ya msikiti na makaburi ya kale, na baadhi yake yalipambwa kwa sahani na mabakuli yaliyotoka Uchina. Wakubwa wa miji hiyo waliitwa majumbe, na wengine madiwani. Hawakuwa wafalme wa kuamuru peke yao. Walikaa na wazee, wakasikia maneno, wakatoza ada, wakapatanisha waliogombana. Jina lile la diwani halikupotea. Leo mtu anayechaguliwa na watu wa kata kuwasemea katika halmashauri anaitwa diwani vile vile, ingawa ni wachache wanaokumbuka kwamba cheo hicho kilijulikana katika pwani hii zamani, kabla ya Mzungu yeyote kukaa hapa.

Wazee hao walikutania wapi? Hawakuhitaji jumba la pekee. Walikuwa na baraza. Ninyi nyote mwaijua baraza: ni kile kibao cha udongo au cha mawe kilichojengwa kuungana na ukuta, mbele ya nyumba, mahali pa kukaa jioni, pa kupokea mgeni, pa kucheza bao na kusikia habari. Mgeni asiyejulikana hukomea hapo; akiwa mtu wa karibu huingia ukumbini. Kwa kuwa mashauri yalisemwa barazani, wale waliokaa hapo wakayasema nao wakaitwa baraza. Hivyo neno la kiti likawa neno la watu. Twawaomba mlikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Katikati ya Kunduchi na Mbwamaji palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Kando yake bahari imeingia ndani ya nchi kwa mlango mwembamba, kisha ikatanuka, maji yametulia kama ya ziwa. Sultani Majid bin Said wa Unguja, aliyetawala tangu mwaka 1856, aliiona bandari hiyo akaitamani. Katika miaka ya 1860 akaanza kujenga mji mpya, nao ukaitwa Dar es Salaam. Alikusudia misafara ya bara ishukie hapo badala ya kwenda Bagamoyo na Kilwa, nao ushuru wa pembe za ndovu upite mkononi mwake. Akajenga jumba lake la kukaa karibu na maji. Jumba hilo halipo tena. Lakini jirani yake alijenga nyumba ya ghorofa kwa wageni wake, katika mwaka 1866 na 1867, na nyumba hiyo ndiyo Boma la Kale la leo. Kwa hiyo haikuanza kuwa boma. Ilianza kuwa nyumba ya wageni.

Sasa na tueleze ilivyojengwa, kwani ufundi wake ni ufundi wa pwani yote, toka Lamu mpaka Kilwa, na ajuaye kuisoma nyumba hii moja ataweza kuzisoma nyingi.

Mawe yake ni ya matumbawe. Chini ya udongo wa pwani yetu pana mwamba uliokuwa zamani matumbawe ya baharini. Bahari ilipopungua mwamba ukabaki nchi kavu. Mawe yake yana matundu matundu, hayana umbo zuri, wala hayakubali kuchongwa pande nne kama tofali. Kwa hiyo fundi hawezi kuyapanga tu na kuyaacha. Lazima ayashike kwa chokaa nyingi, tena ajenge ukuta mnene. Chokaa yenyewe hutoka katika matumbawe hayo hayo. Hupangwa magogo mengi kwa duara, juu yake humwagwa vipande vya matumbawe, kisha tanuru hutiwa moto, ukawaka mpaka mawe yakawa meupe na mepesi. Halafu humwagiwa maji, yakapasuka na kuwa unga, na unga ule huachwa ukae siku nyingi kabla ya kutumiwa. Mafundi wa zamani hawakupenda chokaa ya haraka. Ukuta wa namna hii ukikauka huwa na unene wa futi moja na nusu, mbili, na pengine zaidi. Jua la mchana hulipiga jiwe upande wa nje, lakini chumbani hukaa baridi mpaka joto lenyewe limekwisha pungua.

Dari nayo ina siri yake. Ghorofa ya juu imebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Miti hiyo hukatwa katika vichaka vya mwambao, na mingi sana ilitoka katika midomo ya mto Rufiji, ikapakiwa majahazini hata kufika Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Mkoko ni mti mgumu, hauliwi upesi na mchwa, lakini hauwi mrefu na mnyofu kupita kiasi. Boriti ya kutumainiwa haivuki chumba kilichopita futi 9 au 10 kwa upana. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, kama ukanda. Si kwamba fundi hakuwa na akili ya kujenga chumba kipana, wala si desturi ya kidini kama wengine wanavyodai. Mti ndio uliomwamuru. Mwenye nyumba akitaka nafasi zaidi, huongeza urefu, au huongeza chumba kingine sambamba na cha kwanza.

Juu ya boriti hupangwa mawe madogo bapa, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, na hapo kazi kubwa huanza. Watu husimama safu safu wenye magongo mikononi, wakaipigilia chokaa siku nyingi, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka imeshikana ikawa ngumu isiyopitisha maji. Hata paa la juu kabisa hujengwa hivyo, bapa, wala si la mgongo kama la bati au la makuti.

Mlangoni ndipo mwenye nyumba alipoonyesha heshima yake. Boma la Kale lina milango ya namna ya Unguja, ya mbao nene zenye nakshi: mbao mbili zinazofunguka pande mbili, na katikati yake mfaa. Katika nyumba za namna hii mtu alisoma utajiri wa mwenyeji katika mlango wake kabla hajabisha hodi. Nchi yetu imejua thamani ya kazi hiyo, hata Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikuisahau milango ya nakshi ilipotaja vitu vya kulindwa.

Lakini nani aliyebeba mawe hayo, na nani aliyepigilia dari ile? Wako mafundi waliotoka Unguja, nao walikuwa watu hodari wenye ujira wao. Walio wengi, hata hivyo, walikuwa watumwa. Mji ulioitwa kwa jina la amani ulijengwa na watu ambao wenyewe hawakuwa na amani, na majina yao hayakuandikwa mahali popote. Tunapoisifu nyumba hii, na twaisifu kweli, hatuwezi kulinyamazia neno hilo.

Mwezi Septemba mwaka 1867 Sultani Majid alifanya karamu kubwa katika mji wake mpya. Aliwaalika mabalozi waliokaa Unguja, wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani, ili waone kwamba mji umesimama. Lakini furaha haikudumu. Majid alikufa mwezi Oktoba mwaka 1870, na ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuupenda mji huu wa ng'ambo. Kazi ikasimama. Nyumba nyingi zilizoanzwa zikabaki kuta tupu, majani yakaota vyumbani, wavuvi wakaendelea na nyavu zao kama kwamba hakuna lililotokea.

Hapa tutoke Afrika kidogo, kwani mmoja wa wageni wale alitoka Ufaransa, na huko Ufaransa jambo la nyumba ya mji ni jambo kubwa. Katika mwaka 1357 mkuu wa wafanya biashara wa Paris, jina lake Étienne Marcel, alinunua nyumba moja iliyokuwa na nguzo mbele, kando ya mto Seine, ili iwe mahali pa kusemea mashauri ya mji. Hakuinunua kwa jina la mfalme, bali kwa jina la watu wa mji. Tangu wakati ule mpaka leo utawala wa mji wa Paris haukuhama kiwanja kile. Jumba kubwa lililojengwa hapo baadaye lilichomwa moto mwezi Mei mwaka 1871, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, miezi saba tu baada ya kufa kwake Majid. Wafaransa wakalijenga tena, na uso wake wakaurudisha ufanane na ule wa zamani.

Tena si Paris peke yake. Ufaransa ina miji na vijiji vyenye utawala wake karibu 35,000, na kila kimoja kina nyumba yake ya mji, hata kijiji cha watu mia mbili. Mara nyingi mlangoni pameandikwa maneno matatu: Uhuru, Usawa, Udugu. Watu wanaotaka kuoana kwa sheria lazima wafike hapo mbele ya meya, hata kama watafunga ndoa kanisani au msikitini baadaye. Kwa hiyo mtoto wa kijijini huko huijua nyumba ya mji kwa sababu baba na mama yake walioana ndani yake. Yeye haiiti boma.

Na turudi kwetu. Mwaka 1887 watu wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki walifika Dar es Salaam na kuanza kukaa. Mwaka uliofuata pwani yote ikawaka vita, ile iliyoongozwa na Abushiri, na mwezi Januari mwaka 1889 mapigano yalifika Dar es Salaam na Pugu. Vita vilipokwisha, serikali ya Ujerumani yenyewe ilishika nchi, na katika mwaka 1891 ikahamisha makao makuu yake kutoka Bagamoyo. Nyumba za Majid zilizosalia zilikuwa tayari, zina kuta nene, ziko karibu na bandari. Mtawala gani angeziacha? Ndivyo nyumba ya wageni ilivyogeuka kuwa nyumba ya utawala, na ndipo jina la boma liliposhikamana nayo. Katika bara yote neno hilo lilienea hivyo hivyo. Mjerumani alipofika mahali alijenga ngome yenye ukuta, akaweka askari, na watu wakiona ukuta ule wakauita kwa jina walilolijua, boma. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, bomani ndipo ilipopelekwa. Aliyeshindwa kulipa alitiwa kazini kwa nguvu. Basi jibu la swali letu la mwanzo ni hili: watu hawakukosea waliposema boma. Waliita kitu kama walivyokiona.

Wajerumani walijenga sana katika mji huu. Kanisa la Kilutheri la Azania Front na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yaliyoko pwani, yalianzwa kujengwa miaka ya 1890. Jirani na Boma la Kale wakajenga nyumba nyingine ya ofisi, na nyumba hiyo kwa miaka mingi baadaye ilikuwa makao ya Halmashauri ya Jiji. Mwenye kusimama njia panda ile huona miji miwili kwa mara moja: ukuta wa Kiunguja wenye madirisha madogo, na ukuta wa Kijerumani uliofunguliwa upepo wa bahari.

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Walikuta mji umekwisha gawanywa, nao wakakaza mgawanyo huo kwa kanuni za ujenzi. Sehemu ya kwanza, ya bustani na nyumba za nafasi, ilikuwa Uzunguni. Ya pili, ya maduka, ilikuwa Uhindini. Ya tatu ilikuwa ya Waafrika, nayo ni Kariakoo, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokaa hapo wakati wa vita, na baadaye Ilala. Kati ya Kariakoo na Uhindini uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi. Kanuni haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja namna ya nyumba, yaani wapi ijengwe ya mawe na wapi iruhusiwe ya miti na udongo. Lakini kila mtu alijua maana yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulijaa. Hesabu ya mwaka 1948 iliwapata watu wapatao 69,000. Serikali ikapima viwanja na kujenga nyumba mbali zaidi, Magomeni, Temeke na Kinondoni, mahali palipokuwa mashamba ya mihogo, mikorosho na minazi. Huko ndiko nyumba ya Kiswahili ilikoshamiri, nayo yastahili kusifiwa sawa na Boma la Majid, maana ni kazi ya akili vile vile. Mwaijua: vyumba sita, vitatu kila upande, katikati ukumbi uliopita toka mlango wa mbele mpaka ua wa nyuma, upepo ukipita humo mchana kutwa, uani jiko, choo na kisima, na mbele, chini ya upenu, baraza. Chumba kimoja hulala mwenye nyumba, vingine hupangishwa, na watu wa makabila manne hukutana uani wakipika. Kuta zilikuwa za fito na udongo, paa la makuti, kisha la madebe yaliyokunjuliwa, kisha la bati.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipandishwa kuwa manispaa, ikapata baraza lake la mji, na meya. Wajumbe wa kwanza hawakupigiwa kura. Waliteuliwa na serikali, na Waafrika katika hao walikuwa wachache ingawa katika mji walikuwa wengi. Baraza lile lilikata maneno juu ya maji, taka, masoko na barabara. Huko Temeke mwenye nyumba alikaa kwenye baraza yake jioni, na ukumbi wake ulikuwa wazi kwa kila aliyebisha hodi; na mbali, karibu na bandari, palikuwa na kitu kingine kilichoitwa baraza, na watu wengine waliokaa ukumbini, wakikata shauri la bomba la maji la mtaa wake, na yeye hakuwamo. Maneno yote ya utawala wa mji yalitoka nyumbani kwake: baraza, ukumbi, diwani. Nafasi ndiyo hakupewa.

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 ukapatikana ukumbi mpya, uliotolewa zawadi kwa mji na Abdulkarim Karimjee, wa jamaa ya wafanya biashara iliyokuwa mashuhuri Unguja na Tanganyika. Ukumbi wa Karimjee ulitumiwa na Baraza la Kutunga Sheria, kisha na Bunge la nchi huru, kabla Bunge halijahamia Dodoma. Mwalimu Julius Nyerere alisema humo maneno mengi yaliyobadili nchi.

Na katika mwaka 1960 Dar es Salaam ikapata meya Mwafrika wa kwanza, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, mwenye elimu ya dini, na mshairi. Kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, nacho wanafunzi wanakisoma mpaka leo. Hatujui miji mingi duniani iliyomweka mtunzi wa mashairi katika kiti cha meya. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, akafa mwaka 1964 angali kijana wa miaka 40. Mwezi Desemba mwaka 1961, siku za Uhuru zenyewe, manispaa ikawa jiji.

Mtu angedhani kwamba tangu hapo kiti cha mji kilikaa imara. Hakikukaa. Serikali ilianza mpango wa Madaraka Mikoani mwaka 1972, na halmashauri zikavunjwa nchi nzima. Dar es Salaam ikakaa bila halmashauri ya jiji, taka zikajaa na barabara zikachimbika, mpaka halmashauri za miji zilipoanza kurudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 ikavunjwa tena, ikawekwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikaanzishwa halmashauri tatu za manispaa, Ilala, Kinondoni na Temeke, pamoja na ya Jiji juu yake. Baadaye Ubungo ikatolewa katika Kinondoni, na Kigamboni katika Temeke. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ikavunjwa, na Ilala ndiyo ikapewa hadhi ya jiji. Tusiwacheke wenyewe tu: Paris nayo, pamoja na jumba lake zuri, ilikaa bila meya tangu mwaka 1871 hata mwaka 1977, kwa kuwa serikali kuu iliwaogopa watu wa mji ule.

Kwa hiyo mtu wa Kinondoni au Temeke leo hana haja ya kwenda bandarini kwa shauri la kiwanja; ana ofisi za manispaa yake upande wake, na diwani wa kata yake. Ofisi hizo ni za saruji na vioo, na hazina sura ya kupendeza sana. Twakiri kwamba jicho letu hurudi kwa lile Boma. Lakini mjane wa Mbagala aliyeitwa kwa shauri la kiwanja chake hatazami nakshi. Hutazama urefu wa njia, na kama akifika atasikilizwa.

Boma la Kale lenyewe karibu tulipoteze. Mwishoni mwa miaka ya 1970 lilikaribia kubomolewa, na watu waliojua thamani yake wakalitetea, likasalimika. Kisha likatumiwa kwa kazi hii na ile, likachakaa. Ukarabati wa miaka ya 2010 ndio uliolirudisha. Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walishiriki katika kazi hiyo pamoja na Halmashauri ya Jiji, na Umoja wa Ulaya ulisaidia kwa fedha. Likafunguliwa kuwa kituo cha urithi wa majengo, kinachojulikana kwa jina la DARCH, ambamo huonyeshwa picha na michoro ya mji ulivyokua.

Hapa pana fundisho la ufundi ambalo twapenda lifike mpaka kwa mafundi wa vijijini. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Maji ya mvua huingia kidogo, kisha hutoka tena kama mvuke jua likiwaka. Fundi asiyejua, akiona ufa, huleta saruji na kupiga lipu juu yake. Saruji ni ngumu, haipumui, maji yakafungwa ndani pamoja na chumvi ya bahari. Chumvi ikijaa huvunja chokaa ya ndani kidogo kidogo, boriti zikaoza vichwa mahali zinapoingia ukutani, na siku moja lipu huanguka pamoja na nusu ya ukuta. Nyumba nyingi za kale za Bagamoyo, Unguja na Kilwa zimeharibiwa na wema wa namna hiyo. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa, tena iliyolazwa majini siku nyingi.

Mwanafunzi akipata nafasi ya kulitembelea Boma, na aende. Mabasi ya mwendo kasi yatokayo Kimara hupita karibu yake. Akiingia chumba cha juu ainue macho ahesabu boriti, kisha apime upana wa chumba kwa hatua zake toka ukuta hata ukuta. Ataona kwamba ni hatua tatu au nne tu. Akirudi nyumbani Temeke au Kinondoni, apime na ukumbi wa nyumba ya babu yake.